Kujenga au Kununua: Americano Media na Latino Media Network katika Soko la Redio ya Kihispania Marekani

Tarehe 8 Machi 2022, kampuni changa iitwayo Americano Media ilianza kurusha matangazo kwa Kihispania kutoka Miami, katika chaneli ya 153 ya redio ya setilaiti ya SiriusXM. Msimamo wake ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza: ilijitambulisha kuwa mtandao wa habari na mazungumzo wa kihafidhina kwa ajili ya Walatino wa Marekani. Mwanzilishi wake, Ivan Garcia-Hidalgo, aliyewahi kuitetea kampeni ya Donald Trump katika vyombo vya habari, alitaka uwe kwa wasemaji wa Kihispania kile ambacho Fox News imekuwa kwa wahafidhina wanaosikiliza Kiingereza. Miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Juni, kampuni nyingine changa, Latino Media Network, ilitangaza kuwa imekubaliana na TelevisaUnivision, kampuni kubwa ya televisheni na redio ya Kihispania, kununua vituo 18 vya redio katika miji 10 kwa dola milioni 60. Waanzilishi wake walikuwa wanawake wawili kutoka upande wa pili wa siasa: Stephanie Valencia, aliyefanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Barack Obama, na Jess Morales Rocketto, aliyefanya kazi katika kampeni ya Hillary Clinton.

Ni nadra biashara kutupatia mfano ulio wazi kiasi hiki. Katika mwaka uleule na lugha ileile, na kwa sehemu kubwa katika jiji lilelile la Miami, mmoja aliamua kujenga nyumba mpya kuanzia msingi, na mwingine akaamua kununua nyumba ambayo watu walikuwa wakiishi ndani yake kwa miaka mingi. Ninaziweka njia hizo mbili bega kwa bega, pamoja na njia ya tatu iliyo ndogo zaidi, kwa ajili ya msomaji anayefikiria kuweka fedha zake, au miaka yake ya kazi, katika chombo cha habari cha lugha ya wahamiaji. Sikusudii kupima ni siasa za nani zilizo bora. Ninapima biashara, ingawa itaonekana kuwa katika soko hili biashara na siasa zinalala kitanda kimoja.

Soko ambalo wote wawili walilitazama

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, ambao ni karibu mtu mmoja katika kila watano nchini humo. Kwa miongo mingi habari zao za Kihispania zimetawaliwa na majina mawili ya televisheni, Univision na Telemundo, na wahafidhina wengi wamelalamika kuwa yote mawili yanaegemea upande wa Wademokrati. Malalamiko hayo peke yake yasingetosha kumshawishi mwekezaji kutoa fedha. Kilichobadilisha hesabu ni uchaguzi. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimshinda Trump katika kaunti ya Miami-Dade kwa takribani pointi 30. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda hapohapo kwa pointi 7 tu. Katika bonde la Rio Grande, kusini mwa Texas, kaunti ya Zapata, ambayo karibu wakazi wake wote ni Walatino, ilimchagua Trump. Mtu aliyekuwa na mtaji aliona kundi kubwa la wapiga kura linalosogea upande wa kulia huku likiwa halina chombo chake cha habari cha kitaifa. Aliona pengo sokoni, na hakukosea kuliona.

Tatizo ni kwamba idadi ile ya milioni 62 haikai pamoja. Takribani asilimia 60 ya Walatino wa Marekani wana asili ya Mexico, na Wacuba, ambao ndio sauti kubwa ya redio ya Miami, ni kama asilimia 4 tu. Neno «ujamaa» likitamkwa hewani Miami linamgusa mtu aliyemwacha baba yake Havana, Cuba, au aliyefunga duka lake Caracas, Venezuela. Neno hilohilo likitamkwa Los Angeles linampita msikilizaji ambaye babu yake alitoka Jalisco, Mexico, kutafuta kazi ya shamba. Hata basi la abiria halina jina moja: Mcuba na Mpuertoriko wataliita guagua, Mmexico ataliita camión. Sisi tunaosema Kiswahili tunalijua jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu daladala ya Dar es Salaam ikifika Nairobi inakuwa matatu, na mtangazaji anayesikika vizuri Unguja huweza kumchosha msikilizaji wa Bukavu kabla ya taarifa ya habari kuisha. Lugha moja haiwi soko moja kwa sababu tu kamusi ni moja.

Kuna pia suala la umri. Utafiti wa kituo cha Pew uliofanyika mwaka 2023 ulionyesha kuwa watu wazima wa Kilatino wanaopata habari zao zaidi kwa Kiingereza ni asilimia 54, wanaozipata zaidi kwa Kihispania ni asilimia 21, na waliobaki wengi wanatumia lugha zote mbili kwa kiasi sawa. Kwa hiyo anayeingia katika redio ya Kihispania anaingia katika soko kubwa ambalo watoto wake wanahamia chumba cha pili. Hili linawahusu aliyejenga na aliyenunua kwa usawa, na katika mipango ya wote wawili naona lilistahili uzito mkubwa zaidi.

Njia ya kwanza: kujenga upya, kama Americano

Kwa maelezo ya waanzilishi wake, Americano ilianza na mtaji wa dola milioni 18, na nia ya kukusanya zaidi. Iliajiri watangazaji na waandishi wengi, ikajenga studio, na ikazungumzia kutoka redio kwenda televisheni ya mtandaoni, ikiulenga uchaguzi wa urais wa 2024. Mwaka 2023 ilitangaza kampeni ya kujitangaza ya dola milioni 20. Katikati ya mwaka huohuo vyombo vya habari vya Marekani vikaanza kuripoti kuwa wafanyakazi wanapunguzwa na mishahara inachelewa. Uchaguzi uliokuwa shabaha yake ulifika ikiwa haimo tena hewani.

Ni rahisi kusema kuwa walitumia fedha vibaya na kuliacha jambo hapo. Mimi naona kosa lilitangulia matumizi, nalo liko katika swali ambalo kila mwanzilishi wa njia hii anapaswa kulijibu kabla ya kukodi chumba: msikilizaji atatufikia kwa hatua ngapi?

Tulitazame hilo kwa karibu. Ili mzee wa Hialeah, mji wa Wacuba jirani na Miami, aisikie Americano siku zile za mwanzo, alihitaji gari lenye kipokezi cha SiriusXM au programu yake katika simu. Alihitaji akaunti yenye jina na neno la siri. Alihitaji kadi ya benki ya kukatwa malipo kila mwezi. Kisha alihitaji kuikumbuka namba 153 kati ya mamia ya chaneli. SiriusXM ilikuwa na wateja wanaolipia wapatao milioni 34, na namba hiyo inapendeza sana katika waraka wa kumwonyesha mwekezaji. Lakini mteja wa redio ya setilaiti Marekani kwa kawaida ni mtu anayelipia muziki bila matangazo, michezo na mazungumzo ya Kiingereza akiwa barabarani. Mzee tunayemzungumzia ana redio ndogo juu ya friji, na antena yake imefungwa kwa kipande cha waya. Redio hiyo imekaa kwenye 710 AM (AM ni masafa ya redio ya zamani kuliko FM) tangu wajukuu wake hawajazaliwa. Anapoamka anabonyeza kitufe kimoja, sauti inatoka, anaweka kahawa jikoni. Kati ya kitufe kimoja na hatua nne kuna umbali ambao kampeni ya matangazo ya dola milioni 20 haiwezi kuuziba, kwa sababu tangazo humfanya mtu alijue jina, lakini kuamka kila siku na kukutafuta ni tabia, na tabia hujengwa polepole.

Mfano wa Fox News wenyewe, ambao Americano iliupenda, unafundisha jambo tofauti na lile ambalo wengi hulichukua. Fox News ilipoanza Oktoba 1996, Rupert Murdoch hakungoja watazamaji wamtafute. Alizilipa kampuni za kebo, kiasi cha takribani dola 10 kwa kila mteja, ili ziiweke chaneli yake katika nyumba za watu, wakati ambapo desturi ilikuwa kinyume chake, yaani kebo ndiyo inayoilipa chaneli. Kisha akavumilia hasara kwa miaka kadhaa akiwa na kampuni kubwa nyuma yake. Ada za kebo zilipoanza kumrudia, zikawa mto usiokauka unaotiririka hata mwaka usio na uchaguzi. Kwa maneno mengine, kilichoisimamisha Fox News kilikuwa kwanza njia ya kumfikia mtu sebuleni kwake, na msimamo wa kisiasa ukapanda juu ya njia hiyo. Anayeiga msimamo bila kuiga njia, na bila kuwa na mfuko wa kuvumilia hasara, ameiga paa la nyumba akaacha kuta.

Lipo pia suala la kalenda. Katika redio ya siasa ya Marekani fedha hazigawanyiki sawa katika miaka. Mwaka wa uchaguzi, vyama, wagombea na makundi yanayowaunga mkono hununua matangazo kwa wingi. Mwaka usio na uchaguzi hunyamaza. Wakati huohuo kampuni kubwa za bidhaa za nyumbani, ambazo ndizo zinazolisha televisheni ya Kihispania, huogopa kuweka jina la sabuni yao karibu na mjadala mkali. Americano ilizaliwa Machi 2022, ikala mavuno ya uchaguzi wa katikati ya muhula, kisha ikaingia 2023, mwaka wa kiangazi, ikiwa na orodha ndefu ya mishahara. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema mtu anayejenga redio ya siasa bila akiba ya kuvuka mwaka mzima wa kiangazi anapanda mpunga bila kuuliza masika yanaanza lini.

Hata hivyo, njia hii ina faida mbili ambazo si haki kuzifunika. Anayejenga harithi madeni ya mtu wala mitambo iliyochakaa, na anajenga kwa sura anayoitaka tangu mwanzo. Halafu anaweza kusema wazi yeye ni nani. Americano haikumdanganya msikilizaji juu ya msimamo wake, na katika soko ambalo watu wanashuku kila chombo, uwazi huo ni mtaji wa kweli. Wapo waliompenda mtangazaji wake kwa sababu tu alisema hadharani yale waliyokuwa wakiyasema mezani.

Njia ya pili: kununua kilichopo, kama Latino Media Network

Hesabu ya Latino Media Network ni rahisi kuielewa hata kwa mtu asiye mhasibu. Walitangaza kuwa wamekusanya dola milioni 80. Milioni 60 zilikwenda kununua vituo, ambayo ni wastani wa dola milioni 3.3 kwa kituo kimoja, na zilizobaki zilikuwa za kuviendesha. Sehemu ya fedha ilitoka Lakestar Finance, kampuni ya uwekezaji yenye uhusiano na mfuko wa George Soros, bilionea anayefadhili siasa za mrengo wa kushoto, na jambo hilo peke yake lilitosha kuwasha moto Miami hata kabla mkataba haujapita mikononi mwa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano. Tume iliidhinisha uhamisho huo Novemba 2022.

Walichonunua kilikuwa nini hasa? Vituo vingi kati ya vile 18 ni vya AM, katika miji kama Los Angeles, New York, Houston, Chicago, Dallas, San Antonio, McAllen, Fresno na Las Vegas. Kito cha taji, na pia mwiba wake, kilikuwa Radio Mambí, WAQI 710 AM ya Miami, iliyoanzishwa mwaka 1985 na kuwa kwa miongo mingi sauti ya Wacuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro. Ukipita asubuhi katika Calle Ocho, mtaa wa Wacuba mjini Miami, kwenye dirisha dogo la kuuzia kahawa la mkahawa wa Versailles, utawakuta wazee wamesimama na vikombe vidogo mkononi wakibishana juu ya Havana kana kwamba waliondoka jana. Radio Mambí ilikuwa dirisha lile lililowekewa mnara. Ndiyo iliyokuwa imekaa juu ya friji ya yule mzee wa Hialeah.

Kwa hiyo Latino Media Network ilinunua kile ambacho Americano ilikosa: ule mkono unaobonyeza kitufe bila kufikiri. Ilipata leseni, masafa, minara, wauzaji wa matangazo na wateja wa kila mwezi kama mawakili wa uhamiaji, kliniki na maduka ya magari. Iliikwepa pia miaka ya mwanzo ambapo kituo kinasema na hakuna anayejibu. Kwa mpangilio wa mkataba, TelevisaUnivision iliendelea kuviendesha vituo kwa kipindi cha mpito, na hilo lilimpa mnunuzi nafasi ya kujifunza kazi huku gari likiwa linatembea.

Lakini kununua kuna gharama ambazo hazimo katika bei. Ya kwanza ni umri wa mali yenyewe. AM ni mawimbi yanayozeeka. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya umeme, wakiwamo Tesla na BMW, waliiondoa katika magari yao kwa sababu mota inaingilia mawimbi hayo, na Ford ilikusudia kufuata njia hiyo kabla ya kubadili uamuzi mwaka 2023. Mtu anayenunua vituo vya AM leo ananunua hadhira ya kweli, lakini kila mwaka sehemu ya hadhira hiyo inakwenda makaburini, na wajukuu wao hawajui kitufe cha AM kiko wapi.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika ulinganisho huu.

Walipokutana uso kwa uso

Habari za ununuzi zilipotoka, watangazaji wanaojulikana wa Radio Mambí walianza kuondoka. Lourdes Ubieta, Dania Alexandrino na Nelson Rubio walihamia Americano. Wanasiasa wa chama cha Republican, akiwamo Seneta Marco Rubio, walipinga uuzaji huo. Wamiliki wapya walisema hawana nia ya kuwanyamazisha wahafidhina, na kati ya waliowaunga mkono alikuwamo Al Cárdenas, aliyewahi kuongoza chama cha Republican katika jimbo la Florida. Kwa wasikilizaji wengi maelezo hayo hayakutosha. Mtu aliyekimbia nchi ambayo serikali ilitwaa magazeti na redio kwa siku moja haoni uuzaji wa kituo chake kama karatasi za kawaida za biashara. Anaona historia inajirudia, hata kama katika hesabu za kibiashara hakuna kilichojirudia.

Hapa ndipo njia mbili zinapofichua udhaifu wa kila mmoja. Latino Media Network ilikuwa na masafa lakini ikapoteza sauti zilizoyapa masafa hayo thamani. Americano ikazipata sauti hizo lakini ikazipeleka mahali ambapo msikilizaji wao hakuwa na ufunguo wa mlango. Ukiunganisha nusu ya mmoja na nusu ya mwingine unapata kituo kizima. Kila mmoja peke yake alikuwa na nusu aliyoilipia bei ya kitu kizima.

Na hapa ningependa msomaji mwenye mtaji atue kidogo, kwa sababu mikataba ya ununuzi wa redio huandikwa na mawakili wanaojua kuhesabu minara na leseni. Mnara una kipimo cha nguvu, leseni ina tarehe ya kuisha, na vyote viwili vinaingia katika jedwali. Imani ya msikilizaji kwa mtu anayemsalimia kila saa 12 asubuhi haiingii, wala haimfuati mnunuzi kwa sababu tu ametia saini. Inamfuata mtangazaji, na hata mtangazaji anaweza kuivunja njiani akimlazimisha msikilizaji aanze upya kumtafuta. Ningekuwa mnunuzi, kabla ya kujadili bei ya mnara ningekaa na watangazaji watano wanaosikilizwa zaidi, mmoja mmoja, na kujua nani atabaki, kwa masharti gani, na kwa miaka mingapi. Kama watatu kati yao wanaondoka, bei ya kituo inapaswa kushuka hapohapo mezani, na kama muuzaji hakubali, ni afadhali kurudi nyumbani na fedha zako.

Njia ya tatu: kuanza na kidogo mtandaoni

Ipo njia ya tatu, ambayo sitaikalia muda mrefu kwa sababu inajieleza. Katika miaka hiyohiyo zilizuka tovuti na chaneli za kihafidhina kwa Kihispania, kama El American na Voz Media, zenye maandishi na video badala ya minara. Uzuri wake ni kwamba msikilizaji tayari yuko pale. Utafiti wa Pew wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa asilimia 46 ya Walatino wa Marekani wanatumia WhatsApp, ikilinganishwa na asilimia 16 ya Wazungu, na kila mtu aliye katika kundi la familia anajua jinsi video ya dakika mbili inavyosafiri kutoka kwa shangazi hadi kwa binamu kabla ya chakula cha mchana. Gharama ya kuanza ni ndogo, na kukosea hakumuui mtu.

Ubaya wake ni kwamba mlango si wako. Kampuni inayomiliki jukwaa ikibadilisha kanuni zake za kupanga video, mapato ya mwezi yanaweza kukatika bila barua ya onyo. Na anayefanikiwa hushawishika kukua haraka kuliko miguu yake: mwaka 2023 Voz Media ilitangaza makubaliano ya kununua televisheni ya Mega TV kutoka Spanish Broadcasting System, na ununuzi huo haukukamilika. Kiu ya mnara inawashika hata waliozaliwa bila mnara.

Nani achague ipi

Kama una fedha nyingi zenye subira, yaani fedha ambazo mwenye nazo hatakuuliza faida kabla ya mwaka wa 5 au wa 7, na kama unakubali kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kulipia njia ya kumfikia msikilizaji kabla ya kulipia majina makubwa ya watangazaji, basi kujenga upya ni jambo linalowezekana. Bila sharti hilo la subira, nashauri kwa dhati uiache njia hii, hata kama wazo lako ni zuri na pengo la soko ni la kweli. Pengo la Americano lilikuwa la kweli. Mwaka 2024 Trump alishinda Miami-Dade, maana yake wasikilizaji waliokusudiwa walikuwapo, na walikuwa wakiongezeka, wakati mtandao uliojengwa kwa ajili yao umekwisha kunyamaza. Kuona mbali hakumlipi mtu mshahara wa Julai.

Kama una fedha za wastani na unaweza kukopesheka, na kama lengo lako la kisiasa au la kijamii halipingani waziwazi na wasikilizaji wa kituo unachokitaka, kununua ndiyo njia ninayoipendekeza kati ya zote tatu. Naliweka sharti hilo la mwisho kwa makusudi. Kati ya vile vituo 18, nina hakika kuwa vya Fresno au McAllen, ambako msikilizaji anataka bei ya mazao, habari za mpakani na mpira wa miguu, vingeweza kubadilisha mmiliki bila kelele. Kilichowagharimu wanunuzi sifa ni kimoja, na kilikuwa kimoja ambacho yeyote aliyewahi kusimama kwenye dirisha la kahawa la Calle Ocho angewaonya nacho. Ningekuwa wao, ningenunua vituo 17 na kumwachia mtu mwingine Radio Mambí, hata kama muuzaji angetaka kuviuza vyote kwa pamoja na punguzo lake likawa dogo. Usinunue kanisa la watu ukiwa na nia ya kubadilisha sala.

Na kama wewe ni kikundi kidogo, chenye fedha za kulipa watu wawili au watatu, njia ya tatu ndiyo yako, na hapa nawafikiria waziwazi wasomaji wangu wanaoishi Marekani. Wakongo wanaosema Kiswahili wamekuwa wengi katika miji kama Louisville na Des Moines. Watanzania na Wakenya wako Houston, Dallas, Minneapolis na kwingineko. Machi 2025 idhaa za Sauti ya Amerika ziliponyamazishwa, ya Kiswahili ikiwamo, baadhi yao walipoteza sauti waliyoizoea tangu wakiwa nyumbani. Pengo kama hilo linavutia, na najua wapo wanaokaa jioni wakipiga hesabu za studio.

Kwao ushauri wangu ni wa kazi ya mikono. Acheni kwanza studio. Chagueni mji mmoja na kundi moja, kwa mfano familia za Kivu zilizoko Louisville, na mtangazaji mmoja ambaye Kiswahili chake ni cha kwao. Tumeni sauti ya dakika 20 kila siku saa 11 na nusu alfajiri, kabla ya zamu za viwandani kuanza, katika makundi ya WhatsApp ambayo watu tayari wamo: karatasi za uhamiaji, shule za watoto, habari za Goma, tangazo la msiba. Fanyeni hivyo kwa mwaka mzima bila kukosa hata Jumatatu moja. Tafuteni wafanyabiashara wanne wa palepale, mwenye duka la vyakula, fundi magari, msusi, wakala wa kutuma fedha, na muwatoze kila mwezi kiasi ambacho hawatalalamika. Siku mtangazaji wenu akiumwa mafua na watu 300 wakapiga simu kuuliza kulikoni leo hajasikika, hapo mnaweza kuanza kuulizia bei ya saa moja katika kituo cha AM cha jirani.